Hao Majirani Unaowakimbia

Mutheu mjukuu wangu,

Huku Kikima tuko salama. Ng'ombe amezaa, na babu yako bado anabishana na redio. Umeniuliza kama Mukuyuni kuna watu wapole wa siasa, eti hao wa Kalamba wamekuchosha. Ai, Mutheu! Hii ni mara ya tatu unahama!

Nilipokuwa ndio nimeolewa tu, wanawake walienda mwethya, ile kazi ya kusaidiana kwa zamu, kwa Mama Kioko, kumchimbia matuta ya kuzuia mvua isibebe udongo. Mimi nilikataa, kwa sababu alivaa leso ya chama kingine. Zamu yangu ilipofika, nilijua huyo hatakuja. Asubuhi nikamkuta shambani kwangu, leso ni ile ile, jembe mkononi. Alimtukana mgombea wangu kutoka tuta la kwanza mpaka la mwisho, na mimi nikamjibu yote. Jioni kazi ilikuwa imeisha, na sauti zetu pia.

Miaka yote nilisema jirani yangu ni mtu mbaya wa siasa. Kumbe ni mimi.

Kwa hivyo kabla hujafunga hilo godoro tena, niambie ukweli: hao wa Kalamba wakiitana kazi, wewe huwa unaenda?

Ni mimi susu wako, niliyechoka kukuhamisha.