Mizinga Kumi ya Marungu

Jumatatu, 3 Machi 2025
Leo nimecheka peke yangu karakanani kwangu! Muinde, mwenyekiti wa wakulima wa Marungu, amekuja na habari tamu. Mizinga arobaini waliyonunua kwa Kimanzi, bosi wangu wa zamani, kuzungushia mashamba ili ndovu waogope nyuki – nyuki wamehama thelathini na mmoja. Ndovu wamepita ndani ya mahindi kama wamealikwa. Kimanzi alipaka rangi mpaka ndani, na nyuki hawavumilii ile harufu. Nilimwambia. Akanifuta kazi kwa kumwambia – baada ya miaka saba! Muinde anataka kumi ya kujaribu, Jumatatu ijayo. Ikimpendeza, oda yote ni yangu. Kimanzi atabaki kuchonga viti vya mazishi.

Jumatano, 5 Machi
Hesabu. Mzinga mmoja, saa kumi na mbili za fundi. Kumi, saa mia na ishirini. Tuko wanne – mimi, Mwende, Teresia na Festus niliyetoka naye kwa Kimanzi – siku nne, saa nane: mia na ishirini na nane. Tunapenya! Lakini mbao zilizokauka zinatosha sita tu. Festus amegonga ubao mbichi: "Madam, huu utapinda kabla ufike stage ya matatu." Nikamwambia apige randa, asipige mdomo.

Ijumaa, 7 Machi
Mwende amejikata kidole gumba. Ameshonwa nyuzi tatu. Hakuwa amekula – lunch niliifuta mimi. Teresia, ambaye hakuna anayeunga pembe za mzinga kama yeye, anaomba kesho asije. Sabato yake. Ati tulikubaliana hivyo akianza kazi. Kweli. Nikasema akienda asirudi.
Festus, bila kuinua kichwa: "Kimanzi angalau alikuwa anatupa chai."

Jumatatu, 10 Machi
Teresia hakurudi. Muinde amekuja na pikapu, akapapasa mizinga mmoja mmoja. Sita akapakia. Minne ya mbao mbichi – pembe zimeachana, kidole kinapita.
"Mama, hata sita ingetosha. Si ungesema tu?"
Si ningesema tu!
Thelathini na minne anataka, iwe kama hiyo sita. Akauliza nani aliunga pembe hizi. Nikajifanya sijasikia.
Sasa hivi simu. Kimanzi mwenyewe! Teresia yuko mlangoni kwake, anaomba kazi.
"Dada, wewe hujawahi kunidanganya. Huyu ni fundi ama?"
Nikisema ndiyo, nimempa Kimanzi ile mikono ya Teresia. Nikisema hapana – Teresia ana watoto wawili, na Voi ni mji mdogo, neno langu litamfungia kila karakana.
Nimemwambia angoje. Simu iko hapa kando ya daftari, hewani. Dakika nne. Namsikia akimwambia Teresia aketi, aletewe chai –