Volti za Feni ya Audax

Celina, huwezi kuamini! Kaka yangu Audax kajiaibisha mbele ya mama mkwe wake.

Unakijua kile kidude alichojiundia cha kupunguza mwendo wa feni za kompyuta kwa kuzungusha kitufe? Jana kakipachika kioo kidogo kinachoonyesha volti. Leo katoka misa, kioo kinasoma tano. Yeye aliacha kumi na mbili!

Akamvaa mkewe: "Nani anapekua kompyuta yangu? Nani?!"

Mama mkwe, aliyekuja juzi kutoka Kaagya, akaitikia kutoka chumbani: "Ni mimi, mwanangu. Feni ilinipigia kelele nikisali rozari, nikaipunguza."

NI MIMI. Celina, sikujua niangalie wapi.

Sasa mama mkwe anafunga mizigo. Na Audax, badala ya kuomba radhi, ananinong'oneza: "Sawa, lakini alijuaje pa kuzungusha?"