Faili la Tisa la Mama

Alhamisi, saa tisa mchana. Joto la leo hapa Busia linabana, na mawingu hayajaamua kama yatanyesha huku au yatavuka yakanyeshe Uganda. Nimefunga mlango ingawa humu ndani kunachoma. Sitaki mtu aniulize habari.

Nimeharibu kitu, na lazima nikiandike mahali.

Mama alipokuwa mgonjwa, dada yangu Nafula alimrekodi kwa simu. Vipande kumi na vinne: nyimbo za kanisani, visa vya mafuriko ya Budalang'i, na kile cha tisa, sala. Katika sala hiyo mama anatuombea watoto wake mmoja mmoja kwa jina, kuanzia mkubwa. Baada ya mazishi Nafula alinipa kadi ya kumbukumbu ya simu ile. "Wewe ndio mtu wa kompyuta," alisema. "Utuwekee." Kusema kweli mimi ni mtu wa kamera tu, napiga video za harusi na matanga, lakini nilikubali.

Nikanakili kila kitu kwenye laptop. Kifaa changu cha kusomea kadi kimelegea. Katikati ya kazi ukatokea ujumbe wa hitilafu, nami nikabonyeza kuendelea kama ninavyofanya siku zote.

Kisha nikataka uhakika. Nikafungua dirisha jeusi la kuandikia amri, nikaandika sudo apt install rhash, na kabla sijamaliza kupiga miayo kiprogramu kilikuwa kimeingia. Hakina picha wala vitufe. Unakipa faili, kinalisoma lote, kinakupa mstari mrefu wa herufi na tarakimu, kama alama ya kidole. Faili likibadilika hata chembe, mstari nao unabadilika. Nikatengeneza orodha ya mistari kumi na minne, nikakiagiza kihakiki. Jibu likaja: Everything OK.

Nikaifuta kadi, nikaenda nayo kupiga harusi Malaba. Ndivyo tulivyo sisi watu wa video: nakala ikishahakikiwa, kadi inarudi kazini.

Tangu hapo, kila Jumamosi asubuhi naendesha amri ileile. Nakiri, nilikuwa nalisubiri lile jibu. Naishi peke yangu, majirani wanavuka mpaka asubuhi na kurudi wamechoka, na kuna wiki ambazo hakuna mwingine aliyeniambia kwamba mambo yako sawa.

Lakini kusikiliza, sikuwahi. Sikuweza. Nilijiambia nitasikiliza nikipata nguvu.

Leo Nafula amepiga simu. Jumamosi hii kuna maombi ya kumkumbuka mama kule nyumbani Budalang'i, na wanataka ile sala isikike. Nikafungua faili la tisa nihakikishe kabla ya kumtumia. Sauti ya mama ikajaa chumba. Akamwombea Wandera. Akamwombea Nafula, akacheka kidogo. Akamwombea Ouma na mguu wake. Kisha akavuta pumzi, na sauti ikakatika.

Mimi ndiye kitinda mimba. Jina langu ndilo lililofuata.

Nimerudia mara sita. Nikaendesha ile amri kwa hasira: Everything OK. Hapo ndipo nikaelewa. Orodha niliitengeneza kutoka kwenye laptop, baada ya kunakili, wakati nilipaswa kuitoa kwenye kadi kabla sijagusa chochote. Miezi yote hii programu imekuwa ikilinganisha faili lililokatika na alama ya faili hilohilo lililokatika, na kila mara ilisema kweli. Mjinga ni mimi. Na kwenye kadi, pale palipokuwa na sauti ya mama, sasa kuna watu wa Malaba wanakata keki.

Nililia. Mtu mzima, mchana kweupe.

Nikampigia Nafula, nikamweleza yote.

"Si wewe ulikuwa hapo ukirekodi?" nikamuuliza. "Niambie tu, aliniombea nini?"

"Hapana, Egesa. Hiyo siwezi kukuambia kwa simu."

"Dada, tafadhali."

"Tangu tuzike mama hujakanyaga huku. Kila siku ni job, job. Kuja Jumamosi, ukae chini, nikuambie vile alisema. Nakumbuka yote."

Akakata.

Nilimkasirikia kwa muda. Halafu nikagundua kwamba sauti yake anapokaripia ni ya mama kabisa, na kwamba sijampigia mimi mwenyewe tangu Pasaka. Ni yeye tu anayepiga. Nimekuwa nikikagua sauti ya aliyeondoka kila wiki, na huyu aliyebaki nimemwacha hivihivi.

Jumamosi asubuhi laptop itabaki imezimwa. Nitakuwa Budalang'i.

Nimeshaanza kupanga begi. Nilitia kinasa sauti, nikakikagua betri, kisha nikakitoa. Mara hii nataka kusikiliza.