Wimbo Ulioketisha Watu

Jumanne. Hapa Acocks Green, mtaa wetu wa Birmingham, kumepauka tangu asubuhi, si mvua si jua, na mimi niko kitandani saa nane mchana na soksi za Jumamosi. Sina nguvu ya kuzivua. Mke wangu Wairimu alirudi asubuhi kutoka zamu ya usiku hospitalini, akaniangalia, akaniuliza kama nimekula, akalala zake. Nimeona afadhali niandike hapa kuliko kumwamsha.

Kwa mgeni wa blogu hii: mimi ni Mkenya ninayepiga gita la besi kwenye bendi ya Wazungu watatu, na kila kiangazi tunazunguka matamasha ya muziki wa country huko mashambani. Kofia pana, viatu vya ngozi, mahema, matope. Watu hushangaa Mkenya amejulia wapi country. Sisi wa Nyandarua tunawashangaa wakishangaa. Baba yangu aliendesha lori la maziwa utoto wangu wote, na kaseti zake zote zilikuwa za country. Nilijua kumlilia Mmarekani aliyeachwa na mkewe kabla sijajua Kiingereza.

Misimu minne nimeimba nyimbo za wengine, tena viitikio tu. Mwaka huu Gary, mwenye bendi, alinipa nafasi moja: wimbo wangu mwenyewe, wa Kiswahili, kuhusu Baba na lile lori. Sharti lake lilikuwa wazi. Watu wakicheza, wimbo unabaki msimu mzima. Wasipocheza, narudi kwenye besi na kunyamaza.

Sasa, kwenye matamasha haya watu hawachezi ovyo ovyo. Wanasimama kwa mistari, wote wanapiga hatua zile zile, na kila wimbo una hatua zake. Mama mmoja anaitwa Maureen, mwalimu wa kikundi cha wachezaji, alisikia rekodi ya wimbo wangu akaupenda, akautungia hatua. Wakafanya mazoezi majira yote ya baridi kwenye ukumbi wa kanisa lao, wazee wa miaka sabini wakihesabu hatua kwa maneno wasiyoyaelewa.

Na mimi nikawaharibia.

Jumamosi nilipanda jukwaani nikaona mistari imejipanga, Maureen mbele na shati lake jekundu. Nikamkumbuka Baba, ambaye tangu apigwe na kiharusi, kutoka kitandani hadi mlangoni kwake ni safari. Nikaanza polepole kuliko kwenye rekodi. Sikuwa nimepanga. Nilitaka kila neno lisikike, kana kwamba yeye yuko pale. Mpiga ngoma alinitazama, kisha akanifuata. Angefanya nini?

Ubeti wa kwanza tu, wakaanza kugongana. Miguu ilikuwa inamaliza hatua kabla wimbo haujafika. Maureen akapiga makofi kunionyesha mwendo, nikamwona vizuri kabisa, nikafumba macho. Aki sijui kwa nini. Nilikuwa nalia, mtu mzima na ndevu zangu. Nilipoyafumbua, mstari wa nyuma ulikuwa umeshaketi. Kufikia kiitikio cha mwisho sakafu ya kuchezea ilikuwa mbao tupu, na watu wako kwenye viti vyao vya kukunja wakimiminiana chai.

Baadaye Maureen alinifuata nyuma ya jukwaa. Hakunifokea, na heri angenifokea. Alisema kwa upole kwamba wao walijifunza wimbo mmoja, mimi nikawaimbia mwingine. Nilisema samahani kama mara tano hivi. Njiani kurudi Birmingham Gary aliongea mambo ya mpira tu, wimbo wangu hakuutaja. Jana akatuma orodha ya nyimbo za Ijumaa. Wangu haumo. Penye jina langu ameandika besi tu.

Misimu minne imepotea kwa dakika nne.

Lakini kilichonilaza hapa si Gary. Baba alikuwa ameshatangazia kanisa zima kule Nyandarua kwamba mwanawe anaimba habari zake Uingereza. Tangu Jumapili anaomba video. Nimemwambia mtandao ni mbaya, nimemwambia simu imejaa, uongo wa kitoto. Leo asubuhi nikachoka kumdanganya mgonjwa. Nikaituma kama ilivyo, viti vyote vikionekana, na chini yake nikaandika kwamba niliimba vile kwa ajili yake, ila wachezaji hawakunielewa.

Baada ya karibu saa nzima ukaja ujumbe wa sauti. Maneno yake siku hizi hutoka moja moja, kwa kuvutwa. Nakiri nilikuwa nangoja anipoze. Nilitaka aseme hao Wazungu hawajui kitu.

"Nimeona yote," alisema. "Hiyo lori unaimba, mimi ndiye nilikuwa naendesha. Ilikuwa inakimbia, maziwa isiharibike." Kisha akaongeza: "Hata mimi, huu mguu ukiwa mzima, ningekaa chini."

Nimeusikiliza mara nne. Hakuna hasira ndani yake, na hakusema hivyo kuniumiza. Ni mtu anayeijua country akisema alichokiona, na amesema kweli.

Ijumaa nitapanda gari la bendi na besi yangu, nikae kiti cha nyuma, nifunge mdomo. Baba anaona niko mtandaoni. Bado anangoja jibu langu, na mimi nimwambie nini?