Nilichobakisha kwa Bibi

Mama Asha mpenzi,

Salamu nyingi kutoka Kitaya. Jua ni kali, lakini upepo wa Ruvuma unatupoza. Bibi hajambo. Bado ananiita mume wake, na wewe ungali mke mwenzake.

Jana alinipikia ugali wa muhogo na kambale wa mtoni, mlima mzima. Nikala vitonge vichache, taratibu, kama daktari alivyoagiza, nikanawa. Uso ukamsawijika. Si unajua huku mgeni akibakisha, mpishi huona amekataliwa yeye! Lawama zikaangukia kwako: "Mke mwenzangu kakulisha nini hata chakula changu hukitaki?"

Ikabidi nipandishe shati nimwonyeshe vikovu vya upasuaji. Nikamweleza kwamba tumbo limepunguzwa kwa ajili ya kisukari, na sasa sukari imetulia, sindano nimepumzika, ingawa kliniki bado nahudhuria.

Babu, unakumbuka, alifariki kwa sukari hiyo hiyo. Bibi akalivuta sinia upande wake, akaanza kula mwenyewe. "Babu yako alikuwa anamaliza kila kitu ili nisinune," akasema. "Wewe bakisha, mume wangu, ila uje tena."

Leo asubuhi kaniletea uji kwenye kikombe cha kahawa, anacheka mpaka kanga inamdondoka.

Fungu langu amesema ni lako, na tayari ananifungia mfuko wa ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha. Anza kuacha nafasi tumboni, mke wangu. Yangu imeshapunguzwa.

Wako,
Baba Asha