Mnavu Niliopulizia Dawa

Jumamosi, baada ya magharibi. Joto, na jani halitikisiki.

Nisipoandika leo nitaanza kujitetea.

Bustani ya kikundi chetu iko nyuma ya ghala la zamani hapa Ngamiani. Kila mtu ana matuta yake. Mimi ni fundi cherehani niliyeshuka kutoka Lushoto, nikajiona mkulima tayari. Kabichi zangu za kwanza zilikauka hata hazijafunga. Bi Mwanahawa, jirani yangu wa tuta, ndiye aliyenifundisha udongo wa huku. Samadi iache mpaka ipoe. Mbegu za mchicha changanya na mchanga kabla ya kusia, zisisongamane. Maji asubuhi na alasiri, jua la adhuhuri liache lipite.

Kwa shukrani nilimwambia, "Bibi, mnavu wangu ukikua, chuma siku yoyote, usiniulize."

Wiki hii mnavu ukaingiwa na vidukari. Kikundi tulikubaliana: dawa za dukani hapana. Twanga majani ya mwarobaini, loweka mpaka kesho yake, chuja, tia sabuni kidogo, pulizia chini ya majani jua likishapoa. Halafu rudia baada ya siku chache. Mimi nikaona uvivu. Jana jioni, wenzangu walipoondoka, nikapulizia dawa ya kopo.

Sikumwambia mtu.

Leo saa nne nimefika, nusu ya tuta imechumwa. Mama mmoja aliyekuwa anamwagilia akaniambia, "Bi Mwanahawa huyo. Mke wa mwanawe tangu ajifungue hana hamu ya kula, anampikia mnavu wa nazi."

Nikarukia baiskeli. Njia siikumbuki kabisa. Nilikuwa naomba tu, kwa sauti, watu wakinitazama.

Nimemkuta uani, sufuria iko chini, upawa mkononi.

"Bibi, usimpe! Huo mnavu nimeupulizia dawa. Mimi mwenyewe, jana."

Hata shikamoo sikutoa.

Akanitazama. "Bado hajala," akasema taratibu. "Ndiyo nilikuwa napakua."

Nikakaa chini pale pale. Chumbani mtoto alikuwa analia.

Tulifukia mboga yote nyuma ya choo. Alininawisha kwa sabuni mara mbili, kisha tukasugua sufuria. Nilingoja anifokee. Ningepata nafuu.

"Ungenyamaza, nisingejua," akasema mwishowe.

"Ndiyo, Bibi."

"Siku nyingine usingoje mpaka ukimbie."

Akapika matembele yake mwenyewe. Yalipoiva akaingia chumbani, akatoka na kichanga kimefungwa kanga, akanipa.

"Mshike huyu, mama yake ale."

Mimi. Mtu aliyekaribia kumtilia sumu mama yake. Nilimpokea kama ninayepokea kitambaa cha hariri cha mteja, nikiogopa hata kupumua. Kupitia mlangoni nikasikia kijiko kikigonga sahani, mara nyingi, na Bi Mwanahawa akisema, "Ongeza, mwanangu, ongeza." Mtoto akapiga chafya, akalala kifuani pangu.

Kwa yeyote anayelima bega kwa bega na wenzake: ukipulizia dawa, soma kibandiko cha kopo, hesabu siku zilizoandikwa kabla ya kuchuma, funga kitambaa chekundu kwenye tuta, na mwambie jirani yako siku hiyo hiyo. Siku hiyo hiyo.

Mnavu uliobaki nimeung'oa wote.

Kesho baada ya ibada kikundi kinakutana. Bi Mwanahawa hatasema, namjua. Ndiyo maana itanibidi nisimame mimi. Huenda wakaninyang'anya matuta.

Naogopa. Nitasema hivyo hivyo.