Mabakuli Chini ya Kitanda cha Mjomba

Mjukuu wangu Moraa,

Hapa Nyacheki majani chai yamenawiri, na goti la bibi yako limepata nafuu. Anakusalimu. Umeniuliza kama uanze kuuza keki huko ugenini, ilhali kibali chako ni cha kazi ya hospitali tu.

Miaka ya sabini, nikiwa mwanafunzi mwenye haya, nilimtembelea mjomba wangu aliyekuwa mpishi wa shule Tanzania. Kila alipotoka likizo nyumbani alirudi huko na mawe ya sabuni, yale mawe laini ya kwetu Kisii, akachonga mabakuli jioni. Watu waliyatamani sana. Akaniomba nimwandikie afisa wa uhamiaji barua ya kuomba ruhusa ya kuyauza.

Jirani akacheka. "Mkisii wewe, nani atakufukuza kwa sababu ya bakuli?"

"Mgeni huuliza choo kabla hajabanwa," mjomba akamjibu.

Jibu lilikuja: hapana. Mjomba akayapanga mabakuli chini ya kitanda, akaendelea kuchonga. Mkataba ulipokwisha, alirudi kwetu Kisii, akashuka sokoni Nyakoe na magunia mawili ya mabakuli, akayauza bila kuhitaji kibali cha uhamiaji. Nilimfuata nimekumbatia bakuli moja, nikijivuna kana kwamba nimelichonga mimi.

Liko hapa mezani, lina ndizi. Uliza kwanza, mama. Na wakikataa, usiache kuoka.

Babu yako